Mwaka wa mishahara haufungwi Desemba

Kampuni nyingi za Nairobi hulipa mshahara wa Desemba mapema. Tarehe 18, tarehe 20, zikichelewa sana 22, simu zinaanza kulia na ujumbe wa benki, na jioni hiyo foleni ya kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus inaongezeka maradufu. Ni desturi nzuri. Anayesafiri kwenda Busia au Kitui na watoto watatu hawezi kungoja tarehe 31 wakati nauli inapanda kila asubuhi.

Shida yangu ni kinachotokea baada ya pesa kutoka. Mwajiri huona kwamba mshahara ukishalipwa, mwaka umekwisha. Mhasibu anajumlisha safu za mwisho, jumla ya PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, inalingana na stakabadhi za PAYE, jumla ya NSSF, mfuko wa pensheni, inalingana na stakabadhi za NSSF, faili linahifadhiwa na ofisi inafungwa hadi Januari. Tunaita hiyo kufunga mwaka. Mimi naona ni kufunga ofisi tu, kwa sababu hakuna aliyekagua mwaka wa mfanyakazi mmoja mmoja, na jumla inaweza kulingana hata kama Wanjiru amekatwa zaidi na Otieno amekatwa pungufu kwa kiasi kile kile.

Kalenda yenyewe haimlazimishi mtu kufunga tarehe 20. Ritani ya PAYE ya Desemba, ile taarifa ya P10 inayopelekwa serikalini, mwisho wake ni tarehe 9 Januari. Sheria inakupa wiki nzima na ushei baada ya mwaka mpya. Ni siku zile zile ambazo kampuni nyingi huzitupa, kwa kuwa mhasibu yuko kwao na ritani alishaiandaa kabla ya kusafiri, mwaka ukiwa bado na siku kumi.

Siku kumi hizo si chache. Tazama Desemba ya 2024. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ilianza kutumika tarehe 27 mwezi huo, siku mbili baada ya Krismasi, wakati nusu ya Nairobi iko kijijini na wahasibu wake wako huko huko. Ilibadilisha namna PAYE inavyokokotolewa. Makato ya bima ya afya ya SHIF na ya ushuru wa nyumba, ule wa kujenga nyumba za bei nafuu, ambayo hapo awali mtu alitozwa ushuru kabla hayajaondolewa, sasa yaliondolewa kwanza. Kikomo cha mchango wa pensheni usiotozwa ushuru kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Nafuu ya zamani ya ushuru wa nyumba, yaani punguzo la PAYE, ikafutwa. KRA, mamlaka ya mapato, nayo ikawaambia waajiri kwamba hesabu mpya inahusu mshahara wa Desemba wenyewe, si wa Januari.

Mtu wa mshahara wa 60,000 alikuwa anakatwa 1,650 za SHIF na 900 za nyumba, jumla 2,550. Katika ngazi yake ushuru ni asilimia 30, kwa hiyo kutozwa ushuru juu ya fedha hizo ambazo hata hajazishika kulimgharimu 765. Ukiondoa nafuu iliyofutwa, bado kuna mamia ya shilingi yaliyokuwa yake mwezi huo. Lakini hati yake ya mshahara ilikuwa imeshachapishwa tarehe 20 kwa hesabu ya zamani.

Kampuni iliyokuwa imeacha daftari wazi ilikokotoa upya kabla ya tarehe 9 Januari na kumrudishia mtu tofauti yake. Iliyokuwa imefunga ilisema, sawa, atadai mwenyewe KRA atakapojaza ritani zake. Mwenye kauli hiyo bila shaka hajawahi kufuatilia marejesho ya ushuru. Mlinzi wa lango la kiwanda hatapanda hadi Times Tower, makao makuu ya KRA, kufuata shilingi mia tano. Nauli na siku ya kazi aliyopoteza zitazimeza zote.

Mwaka huo wa 2024 ulikuwa wa ajabu kwa jumla, na nadhani wahasibu wengi bado hawajautolea hesabu. Ushuru wa nyumba ulisimamishwa baada ya Mahakama ya Rufaa, tarehe 26 Januari, kukataa kuruhusu uendelee kutozwa. Baadhi ya mishahara ya Januari ilikuwa imeshakatwa. Ukarudi kwa sheria mpya tarehe 19 Machi, katikati ya mwezi. NHIF, bima ya afya ya zamani, ambayo hata mwenye mshahara mkubwa kabisa haikumkata zaidi ya 1,700, iliondoka, na kuanzia Oktoba SHIF ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Februari viwango vya NSSF vilikuwa vimepanda. Kisha Desemba ikaleta niliyoyaeleza. Fomu ya P9 ya mwaka huo, ile inayomwonyesha mfanyakazi mshahara na ushuru wake, ni karatasi moja yenye miezi kumi na miwili, lakini ndani yake kuna kanuni kadhaa tofauti za hesabu. Anayetazama jumla ya chini peke yake hawezi kujua kama mwezi wa Februari ulikatwa ushuru wa nyumba kimakosa.

Mwaka 2025 ulitulia kidogo, ila haukunyooka. NSSF hubadilika Februari, si Januari, kwa sababu utekelezaji wa viwango vya sheria ya 2013 ulianza Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Kwa hiyo Januari 2025 mkato wa juu kabisa wa mfanyakazi ulikuwa 2,160, na kuanzia Februari ukawa 4,320, kwa kuwa kikomo cha mshahara unaohesabiwa kilipanda kutoka 36,000 hadi 72,000. Mwajiri hulipa kiasi kama hicho hicho kwa upande wake. Ukiona P9 ya 2025 ambayo NSSF ya mtu wa mshahara mkubwa ni namba moja miezi yote kumi na miwili, ujue kuna mtu alinakili safu kwenye Excel. Tena Julai 2025 Sheria ya Fedha ikamwekea mwajiri wajibu wa kutumia nafuu na misamaha yote anayostahili mfanyakazi wakati wa kukokotoa PAYE, asimwachie akaitafute baadaye. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu chenye maana kuliko vyote kwa mwenye mshahara, na hakikupigiwa kelele hata kidogo. Kile kisingizio cha “atadai mwenyewe” kimepungukiwa na miguu.

Ipo sababu nyingine ya kutofunga kwa jumla, nayo imefichika ndani ya ngazi za ushuru zenyewe. PAYE hukokotolewa mwezi kwa mwezi, lakini ushuru wa mapato ni wa mwaka. Kwa mwezi, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha 30, na juu kabisa 32.5 na 35. Nafuu ya kila mtu ni 2,400 kwa mwezi. Mtu ambaye mshahara wake haubadiliki hatapata tofauti yoyote kati ya mwezi na mwaka. Anayeumia ni yule anayepata bonasi Desemba.

Chukua karani wa ghala Industrial Area anayelipwa 30,000 kila mwezi, na Desemba akaongezewa bonasi ya 30,000. Tuweke kando NSSF na makato mengine ili hesabu isitutatize. Miezi kumi na mmoja anakatwa PAYE ya 1,500, jumla 16,500. Desemba mshahara wake unaonekana kuwa 60,000, na ushuru wake unafika 10,383. Mwaka mzima, 26,883. Sasa hesabu mapato hayo hayo, 390,000, kwa ngazi za mwaka: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10, laki moja inayofuata kwa 25, na 2,000 zilizobaki kwa 30. Ondoa nafuu ya mwaka ya 28,800. Anapaswa kulipa 25,600. Zile 1,283 za ziada zimekatwa kwa sababu tu bonasi ilikuja kwa mkupuo mmoja.

Hapo mwajiri hajaiba kitu, amekata kwa jedwali la mwezi kama lilivyo. Lakini nani atamwambia yule karani kwamba ana 1,283 zake serikalini? Hati ya mshahara haisemi. P9 inaonyesha namba tu, bila neno. Juni itakapofika, wakati wa kujaza ritani, ataenda saiba moja, duka la intaneti, pale Moi Avenue, kijana atamjazia ritani, na kama kijana ana haraka ataandika sifuri pahali pa marejesho au atarekebisha namba ili mfumo usilete maswali. Mhasibu aliyefunga mwaka mtu kwa mtu angeiona tofauti hiyo Januari na kumwandikia karani mistari miwili. Si kazi ya siku nzima.

Kuna wale ambao hawaendi popote Krismasi. Walinzi, wauguzi wa hospitali za kibinafsi, wapishi wa hoteli, madereva wa lori za mikate. Desemba ina Jamhuri tarehe 12, Krismasi, na siku inayoifuata, kisha mwaka mpya unaingia na sikukuu yake. Kanuni za mishahara zinataka saa za ziada za siku za kawaida zilipwe mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Daftari lililofungwa tarehe 18 haliwezi kuwa na saa za Krismasi. Zinahamia Januari, mwaka mwingine, P9 nyingine. Na mara nyingi hazihamii popote. Msimamizi aliyekuwa zamu ameenda likizo, kitabu cha zamu kiko kwenye droo, na mazungumzo ya tarehe 30 Januari dirishani huwa hivi:

“Madam, ovataimu yangu ya Krismasi siioni.”

“Hiyo ilikuwa ya mwaka jana, mzee. Mwaka jana tulishafunga.”

Jibu hilo si la kisheria wala la kihasibu. Kazi iliyofanywa ni deni la kampuni hadi ilipwe, hata kama hakuna anayekumbuka. Ukifunga vitabu bila kuandika kwamba kuna saa za Krismasi ambazo hazijalipwa, umepunguza gharama za mwaka huo kwa mkono wa mlinzi.

Likizo nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo nimeona ugomvi mwingi zaidi kuliko kwenye ushuru. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi kumi na miwili aliyotumikia. Viwanda vingi vya Enterprise Road na kandokando yake huzima mitambo wiki ya Krismasi na kuhesabu siku hizo kuwa likizo ya mtu. Inakubalika, mradi siku za sikukuu zisihesabiwe ndani yake. Mara ngapi zinahesabiwa? Mtu aliyefungiwa lango tarehe 20 hadi tarehe 2 anakatwa siku zote za katikati, Krismasi ikiwemo, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayempa karatasi ya siku zake zilizobaki.

Kisha kuna bei ya siku moja. Mtu akiacha kazi Desemba na siku kumi za likizo hajazichukua, kampuni moja hugawanya mshahara kwa 30, nyingine kwa 26, nyingine kwa 22. Mshahara wa 52,000 ukigawanywa kwa 30, siku kumi ni 17,333. Kwa 26 ni 20,000. Kwa 22 ni 23,636. Kama likizo inahesabiwa kwa siku za kazi, kuilipa kwa siku za kalenda ni kumpunja mtu, na sioni hoja ya kinyume inayosimama. Ukitaka kujua kampuni inawachukuliaje watu wake, uliza tu inagawanya kwa ngapi. Mgawanyo uandikwe kwenye mkataba, na siku zilizobaki za kila mmoja ziingie kwenye vitabu kama deni tarehe 31 Desemba. Wakaguzi wa hesabu huuliza deni hilo. Kampuni ndogo zisizokaguliwa huishi kana kwamba halipo, hadi watu watano wanapoacha kazi mwezi mmoja.

Zawadi za Krismasi sitazikalia sana. Kapu la unga, mafuta na sukari halina tatizo ikiwa jumla ya manufaa yasiyo ya fedha taslimu haijazidi 60,000 kwa mwaka, kiwango kilichopanda kutoka 36,000 kwa sheria ile ile ya Desemba 2024. Bahasha ni jambo jingine. Bonasi inayotumwa kwa M-Pesa kutoka simu ya mkurugenzi, nje ya orodha ya mishahara, ni mapato yaliyopaswa kutozwa ushuru, na jukumu la kuyakata ni la mwajiri. Wengi hudhani wanamsaidia mfanyakazi. Pengine ni kweli kwa siku moja. Ila pesa hiyo haionekani kwenye P9, kwa hiyo haimsaidii akienda kuomba mkopo, na kampuni yenyewe haiwezi kuionyesha vizuri kama gharama.

Na Januari inangoja. Waliolipwa tarehe 20 Desemba wana siku arobaini mbele yao hadi mshahara ujao, na karo ya muhula wa kwanza iko katikati. Kwa hiyo wanaomba kukopeshwa mshahara. Kampuni inatoa, na mwisho wa Januari inakata yote kwa mara moja, juu ya mkopo wa sako, juu ya mkopo wa benki, juu ya mkopo wa masomo wa HELB. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu lazima abaki na theluthi moja. Watu waliochukua mikopo ya miaka mitano mnamo 2022, wakiwa wamebakiza theluthi yao barabara, walikuja kuongezewa ushuru wa nyumba, SHIF na NSSF iliyopanda, na theluthi ikaliwa bila wao kukopa hata shilingi moja zaidi. Mhasibu anayefunga mwaka kwa uangalifu angekuwa na orodha ya watu hao mkononi kabla hajaidhinisha mkopo wa Desemba. Asiyekuwa nayo atavunja sheria tarehe 31 Januari, kwa nia njema kabisa.

Najua jibu la waajiri, hasa wenye wafanyakazi kumi au ishirini. Hawana idara ya wafanyakazi. Hesabu zao zinafanywa na mtu mmoja mwenye chumba River Road, anayebeba maduka na gereji nyingi kwa wakati mmoja, na humlipa kidogo. Kumwambia akae Nairobi hadi tarehe 9 Januari akikagua mtu mmoja mmoja ni kumwongezea kazi asiyolipwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kampuni ya watu ishirini ina P9 ishirini tu. Kila moja ina mistari kumi na miwili. Mtu anayejua kazi huzipitia zote kwa asubuhi moja, akijua pa kutazama: mwezi viwango vya NSSF vilipobadilika, mwezi wa bonasi, mwezi mtu alipoajiriwa au alipoacha, mwezi wa likizo isiyo na malipo. Faini ya kuchelewesha ritani ya PAYE ni asilimia 25 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Asubuhi moja ya mhasibu wa River Road ni rahisi kuliko hiyo.

Lipa watu tarehe 20 kama kawaida. Usifunge. Wiki ya kwanza ya Januari endesha mshahara mdogo wa nyongeza wa Desemba: saa za sikukuu, marekebisho ya sheria iliyopita mwishoni mwa mwezi, likizo za walioondoka. Ndipo P10 iende. Kisha rasimu ya P9 impelekee kila mtu aisome na aitie sahihi au aipinge, kabla ya mwisho wa Januari. Kosa likionekana wakati huo, ritani ya mwezi husika inarekebishwa na pesa inarudi kwenye mshahara wa Februari. Likionekana Juni, mfanyakazi yuko saiba usiku wa tarehe 29, mfumo unakwama, na mhasibu hapokei simu. Likionekana baada ya yeye kuacha kazi, ofisi ile ile aliyoitumikia miaka minane itamwambia aandike barua.

Serikali nayo haiwezi kuachwa pembeni. Bunge linapopitisha sheria inayogusa kila mshahara wa nchi na kuifanya ianze tarehe 27 Desemba, limewaomba wahasibu wa nchi nzima warudi kazini kutoka likizo, bila kuwaambia. Mwaka wa ushuru wa Kenya ni Januari hadi Desemba. Badiliko lolote la PAYE linaweza kuanza tarehe 1 Januari bila hasara kwa yeyote, na NSSF inaweza kusogeza ngazi zake mwezi mmoja ili zianze pamoja na mwaka. Anayepinga aeleze ni faida gani ilipatikana katika siku zile tano za mwisho wa Desemba 2024 iliyozidi usumbufu wake.

Hadi hapo, mfanyakazi anaweza kujitetea kwa kitu kimoja ambacho hakihitaji mhasibu. Aweke hati zake kumi na mbili za mshahara, zile ambazo Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ampe, na P9 ikija azilinganishe mstari kwa mstari. Zisipolingana, aulize kwa maandishi, Februari, wakati daftari bado ni jepesi kufunguliwa.